Udhibiti wa kibiolojia si kila kitu kisicho cha dukani

Kwenye makundi ya wakulima ya WhatsApp, "udhibiti wa kibiolojia" siku hizi unabebeshwa kila mzigo. Maji ya mwarobaini, majivu, nta ya kupaka parachichi, hata maji moto ya kuogeshea maembe: vyote vinaitwa hivyo, mradi havikutoka kwenye chupa yenye picha ya fuvu. Karibuni nimeona muuza maembe akishauriwa kwamba mzigo wake, uliokwisha kutoka madoa meusi, "autibu kibiolojia". Basi tuelewane.

Maana yenyewe ni fupi: kutumia kiumbe hai kukizuia kiumbe kingine kinacholeta hasara. Kwa matunda na mboga zilizokwisha kuvunwa, kinachozuiwa mara nyingi ni ukungu unaoozesha, na kinachozuia ni chachu au bakteria wasiomdhuru mlaji.

Mwarobaini ukiutwanga na kuuchuja, unachonyunyizia ni kemikali, azadiraktini na nyinginezo. Zimetoka mtini, sawa, lakini hazili wala hazizaliani. Hicho ni kiuatilifu, yaani dawa ya kuua wadudu na magonjwa, kilichotokana na mimea, na huenda kikakufaa sana kwa wadudu shambani, sikisemi vibaya. Nta kazi yake ni kupunguza tunda kupoteza maji. Maji moto yanaua kwa joto. Nadhani mkanganyiko umetoka kwenye usajili wa viuatilifu, kwa kuwa nchi nyingi huviweka vijidudu hai na dondoo za mimea kapu moja, "viuatilifu vya kibiolojia". Kwa anayepanga mafaili haina shida. Kwa mwenye matenga ya machungwa shida ipo, maana kiumbe hai kina masharti yake.

Mchumaji akilivuta chungwa badala ya kulikata kwa mkasi, kikonyo huchomoka na kipande cha ganda, au ukucha hulikwaruza. Ukungu wa kijani, Penicillium digitatum, haupenyi ganda zima; unangoja jeraha kama hilo. Vumbi lake, yaani mbegu zake, likitua penye majimaji huota, na baada ya siku chache unaona duara linalobonyea kidoleni, jeupe ukingoni na kijani katikati. Ukilitikisa tenga, vumbi linahamia machungwa mengine. Sasa chachu ikiwekwa kwenye jeraha lile mapema, inazaliana upesi, inamaliza sukari na kujaza nafasi, na ukungu ukija unakuta pamekaliwa, kama abiria aliyechelewa daladala ya asubuhi. Zipo chachu zinazojishika kwenye nyuzi za ukungu na kutoa vimeng'enya vya kulainisha kuta zake, na zipo zinazoliamsha ganda lijihami. Lakini kazi kubwa ni hiyo ya kuwahi.

Kuwahi ndiko kunakosahaulika. Mwaka 1995 Marekani ilisajili chachu iitwayo Candida oleophila kwa jina la biashara Aspire, na bakteria Pseudomonas syringae kwa jina la BioSave, zote kwa ajili ya matunda yaliyovunwa. Aspire ilikuwa na sifa, lakini kwenye matunda ambayo maambukizi yalikwishaanza ilisuasua. Ili ilingane na dawa zilizozoeleka ilichanganywa na dozi ndogo ya kiuakuvu, thiabendazoli. Baadaye ikaondoka sokoni. Chachu haikuwa mbovu. Ni kinga, nayo ilikuwa inadaiwa kazi ya tiba.

Na hapo yale madoa meusi ya maembe yanaeleweka. Ule ni ugonjwa wa chule, nao pia huletwa na ukungu. Hauanzii sokoni wala ghalani. Mvua huuteremsha kutoka kwenye matawi na maua makavu hadi kwenye embe changa. Vijidudu vyake vinaota, vinajigandisha kwenye ganda, vinaingia kidogo tu, kisha vinatulia. Embe bichi lina kemikali zake za kuvizuia. Likianza kuiva, kemikali hizo hupungua na chule huamka. Wakati mwingine madoa hushuka kwa michirizi kufuata njia ya maji ya mvua. Chachu uliyoipaka leo imekaa juu ya ganda, adui yuko ndani tangu embe likiwa changa. Ndiyo maana wasafirishaji wengi hutegemea maji ya nyuzijoto 50 hadi 55 za Selsiasi kwa dakika chache, pamoja na kusafisha miti na kunyunyizia wakati wa maua. Maji moto, narudia, si udhibiti wa kibiolojia, ila kwa chule mara nyingi yanafaa kuliko udhibiti huo.

Tena bidhaa hai hufa. Ukiiacha juani, au ukaimimina kwenye pipa la maji ya klorini ya kuoshea, umenunua mzoga.

Mwenye kutaka mfano halisi wa karibu, Aflasafe ipo, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015 na Tanzania mwaka 2018, ingawa ni ya mahindi na karanga, si ya matunda. Ni punje za mtama zilizokaangwa na kupakwa ukungu wa Aspergillus flavus usiotengeneza sumukuvu. Humwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mazao kutoa maua, ili ukungu huo uwahi nafasi kabla ya ndugu yake mwenye sumu. Huo uite udhibiti wa kibiolojia bila wasiwasi. Maji ya mwarobaini tuyaite dawa itokanayo na mimea. Jina hilo linayatosha.