Bumu Ulilokula Linasubiriwa na Mdogo Wako

Kila inapoanza kampeni ya urejeshaji wa mikopo ya elimu ya juu, ile ambayo wanafunzi huiita bumu, malalamiko huja kwa mafungu. Safari hii lililotia fora ni hili: "Tulisomeshwa kwa kodi za wazazi wetu, iweje leo tudaiwe?" Wanaolisema wana shahada, wengine mbili, na wanalisema kwa hasira ya kweli. Kwa hiyo, kama mtumishi wa Bodi ya Mikopo, nitalijibu kwa kirefu kabla ya kufika kwenye makato, kwa sababu asiyejua chuo cha umma kinaendeshwa na fedha za nani hawezi kuelewa anadaiwa nini.

Kodi za wazazi zipo, na zinafanya kazi. Mhadhiri wa Mlimani, wa Sokoine, wa Muhimbili au wa Dodoma analipwa mshahara na Serikali. Majengo na maabara ni hivyohivyo, na pale kodi zisipotosha, nchi nzima hukopa: mradi wa HEET, ulioidhinishwa 2021 kwa ajili ya kuimarisha vyuo vya umma, unatokana na mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Ada ya chuo cha umma haifikii gharama halisi ya kumsomesha mwanafunzi. Sehemu hiyo kubwa hakuna anayekudai. Unachodaiwa ni kile ulichosaini: fedha za chakula na malazi, vitabu na viandikia, mafunzo kwa vitendo, na ada kama ulikopeshwa.

Sasa tumtazame aliyelipa. Mama anayekaanga samaki sokoni Feri, Dar es Salaam, hulipa kodi kila anaponunua sabuni au vocha ya simu. Huenda hana hata mtoto mmoja aliyefika kidato cha sita. Kwa nini achangie shahada ya mtoto wa mwenzake? Mwalimu Nyerere alilifananisha jambo hili na kijiji chenye njaa kinachompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake kingine. Akila asirudi, alisema, huyo ni msaliti. Na hakuishia kwenye maneno. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Alikuwa na sababu ya kuwa mkali. Chuo chenyewe kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Yeye mwenyewe alikuwa akikumbusha kwamba nchi ilipata uhuru ikiwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Kila kiti cha darasani kilikuwa kimebeba matumaini ya wilaya nzima.

Mama wa Feri anarudishiwa nini? Anachorudishiwa hakimjii kama fedha, ndiyo maana ni rahisi kusema harudishiwi kitu. Chukueni shule za kata. Kuanzia 2004, chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, zilijengwa kwa wingi kuliko walimu waliokuwepo. Ilibidi vyuo vya ualimu vya Chang'ombe na Mkwawa vigeuzwe, mwaka 2005, kuwa vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili vizalishe walimu wenye shahada. Wengi wa walimu hao walisoma kwa mkopo. Binti wa mama yule, aliyefundishwa kemia kwenye shule ya kata ambayo miaka michache nyuma haikuwa na mwalimu wa kemia hata mmoja, amepata gawio lake bila kujua jina la chuo.

Au chukueni Morogoro. Mkulima anayepanda maharage ya Rojo, Mshindi au Pesa anapanda mbegu zilizotoka kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hapohapo Sokoine ndipo shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku tangu 2000, wengine kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, wengine kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20, kazi inayoweza kumchukua mtaalamu wa maabara siku nne. Magawa, panya aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza mwaka 2020 kwa mabomu aliyoyagundua Kambodia. Mgonjwa ambaye kifua kikuu chake kiligundulika mapema kwa njia hii hakuwahi kuulizwa kama alisoma chuo kikuu.

Sasa kuhusu deni. Kuanzia mwaka wa masomo 1994/95 Serikali ilianza kutoa fedha hizi kama mkopo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005, na sheria hiyo inaipa jukumu la kukusanya hata mikopo iliyotolewa kabla haijazaliwa. Kwa hiyo aliyesoma 1996 asishangae kuona jina lake. Katika mwaka wake wa kwanza Bodi ilihudumia wanafunzi kama 42,000 hivi. Leo ni zaidi ya 200,000, na tangu 2023/24 wamo pia wa stashahada katika fani za kipaumbele. Makusanyo ya wanufaika wa zamani huingia kwenye fungu lilelile linalowalipa wa sasa. Kila shilingi isiyorejeshwa ina mwanafunzi anayeikosa, mara nyingi mtoto wa familia isiyo na wa kumpigia simu.

Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Nasema wa msingi; posho haziguswi. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 hukatwa 120,000. Kabla ya marekebisho ya sheria ya 2016 kiwango kilikuwa asilimia 8, na najua ongezeko lile liliuma. Nami nilikuwa mmoja wa waliokatwa. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, au si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Asiye na ajira ana miezi 24 tangu amalize au aache masomo kabla ya kutakiwa kuanza kurejesha. Nimelirudia hili redioni mpaka nimechoka: kukosa ajira hakufuti deni, na kuacha chuo mwaka wa pili hakufuti deni la mwaka wa kwanza. Anayepita kwenye hali ngumu aje tuzungumze. Kubadilisha namba ya simu hakujawahi kumsaidia mtu, na taarifa za wasiolipa hufika kwenye taasisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, ambako benki huchungulia kabla ya kukupa hata mkopo wa bodaboda.

Bado wapo wanaoogopa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Iliondolewa Julai 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa mnufaika aliyechelewa. Miaka imepita. Tafadhali tuache kusambaziana jumbe za zamani.

Waajiri nao, hasa wa sekta binafsi. Ukimwajiri mhitimu, sheria inakutaka uijulishe Bodi ndani ya siku 28. Usisubiri aseme mwenyewe kwamba anadaiwa. Makato yawasilishwe ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya malipo, na orodha ya majina ilingane na kiasi kilicholipwa. Orodha isipolingana, fedha huingia lakini deni la mfanyakazi halipungui, na lawama zinatufikia sisi. Anayechelewesha hutozwa nyongeza ya asilimia 10. Kumkata mfanyakazi kisha kuzikalia fedha hizo ni jambo baya zaidi ya kutomkata kabisa, na tunalichukulia hivyo.

Kwa anayekaribia kumaliza deni: omba taarifa ya akaunti yako miezi miwili au mitatu kabla ya makato ya mwisho. Deni likisomeka sifuri, mwajiri huandikiwa asitishe makato, nawe hupewa cheti cha kumaliza deni. Wapo waliokatwa kupita kiasi kwa sababu barua ya kusitisha ilikaa mezani kwa mhasibu. Fedha hizo ni zako. Uje na hati za mshahara za miezi iliyozidi, kitambulisho na namba ya akaunti ya benki yenye jina lako mwenyewe. Jina likitofautiana na la kwenye cheti chako cha kidato cha nne, kwa ndoa au kwa sababu nyingine, uje na kiapo. Bila kiapo hicho ombi halitasonga, na hapo kwa kweli hatuna namna.