Kwa Nini Shaba Haijaisha: Julian Simon na Hesabu ya Wingi

Mwaka 1980 mwanauchumi wa Marekani, Julian Simon, alimpa changamoto mwanabiolojia Paul Ehrlich, aliyekuwa akionya kwamba binadamu wamezidi na rasilimali za dunia zinakaribia kwisha. Hoja ya Simon ilikuwa nyepesi kueleweka: kitu kinachoelekea kwisha hupanda bei. Basi Ehrlich achague malighafi anazotaka, wawekeane dau. Ehrlich na wenzake wawili wakachagua shaba, kromi, nikeli, bati na tungsteni, kila moja ya thamani ya dola 200, jumla dola 1,000. Baada ya miaka 10, mfumuko wa bei ukishaondolewa, bei zikiwa zimepanda Simon angelipa tofauti; zikiwa zimeshuka, Ehrlich ndiye angelipa. Katika miaka hiyo watu duniani waliongezeka kwa zaidi ya milioni 800, lakini kwa kipimo hicho metali zote tano zilishuka bei. Oktoba 1990 Ehrlich alituma hundi ya dola 576.07.

Kisa hiki hutumiwa vibaya mara nyingi, kana kwamba kinathibitisha kuwa bei za malighafi hushuka siku zote. Hakithibitishi hivyo. Lau dau hilo lingewekwa juu ya shaba kati ya 2000 na 2010, wakati viwanda vya China vilipokuwa vikiinunua kwa wingi, Simon angeshindwa vibaya. Cha kujifunza hapa ni namna alivyofikiri, kwa sababu inabadilisha maana ya neno "rasilimali".

Tuanze na takwimu zinazowatisha watu. Tunaposoma kwamba madini fulani yamebaki ya miaka 40, mtu amechukua akiba iliyothibitishwa akaigawa kwa matumizi ya mwaka mmoja. Lakini akiba iliyothibitishwa si madini yote yaliyomo ardhini. Ni sehemu iliyokwisha kupimwa na inayoweza kuchimbwa kwa faida, kwa bei ya leo na kwa mbinu za leo. Bei ikipanda au mbinu ikiboreka, akiba inaongezeka ingawa hakuna jiwe jipya lililozaliwa. Migodi mingi ya shaba leo huchimba mawe ambayo shaba yake haifiki asilimia 1. Isitoshe, kupima mwamba ni gharama, na hakuna kampuni itakayotoboa mashimo leo kuthibitisha madini ya kuchimbwa miaka 60 ijayo. Ndiyo maana "miaka 40" inaweza kubaki "miaka 40" kizazi baada ya kizazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni alumini. Ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote katika ganda la dunia, takriban asilimia 8 ya uzito wake, lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ilikuwa kitu cha anasa. Mnara wa Washington ulipokamilishwa mwaka 1884, kilele chake kiliwekwa kipande kidogo cha alumini, kama mtu anavyoweka kito. Tatizo lilikuwa kuitenganisha na oksijeni, kwani zimeshikamana kwa nguvu mno. Umeme ungeweza kuzitenganisha, ila oksidi ya alumini huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi. Mwaka 1886 Charles Hall nchini Marekani na Paul Héroult nchini Ufaransa, kila mmoja bila kumjua mwenzake, waligundua kwamba oksidi hiyo huyeyuka ndani ya krayoliti, aina ya madini, iliyoyeyushwa, kwenye joto la nyuzi 950 hivi. Ukipitisha umeme hapo, alumini hutuama chini ya tangi. Muda mfupi baadaye mwanakemia Carl Bayer akapata njia ya kusafisha boksaiti, mawe yenye alumini, kwa magadi makali, na bei ya alumini ikaporomoka.

Ardhi haikubadilika hata kidogo. Kilichoongezeka ni maarifa. Lakini tusisahau kwamba maarifa peke yake hayakutosha. Kilo moja ya alumini hula umeme wa kilowati-saa 13 hadi 15, kwa hiyo bila jenereta kubwa ugunduzi ule ungebaki maabara. Hii ndiyo sababu viwanda vya alumini hufuata umeme wa bei nafuu, na ndiyo sababu kuyeyusha chakavu, kunakotumia takriban asilimia 5 ya nishati ya kuzalisha alumini mpya, kuna faida kubwa.

Shaba, ambayo nyaya zake zilikuwa zikibeba simu, nayo ilipunguziwa mzigo na kitu kisichofanana nayo kabisa. Mwaka 1966 Charles Kao alionyesha kwamba mwanga hupotea ndani ya nyuzi za kioo hasa kwa sababu ya uchafu uliomo kwenye kioo. Kioo kikasafishwa, na mwaka 1988 kebo ya kwanza ya nyuzi hizo ikavuka Atlantiki. Hakuna aliyekuwa akihesabu mchanga, unaotengenezewa kioo, kama akiba ya simu.

Kwa nini maarifa huzaa utajiri kwa namna ya pekee? Paul Romer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2018 pamoja na William Nordhaus, alieleza kwamba kilo ya shaba hutumiwa na mmoja kwa wakati mmoja, ilhali kanuni ya kutengeneza dawa inaweza kutumiwa na viwanda elfu bila kupungua. Gharama kubwa ni ya kuigundua mara ya kwanza. Hapo pana mtego: maarifa yakiigwa bure siku hiyohiyo, hakuna atakayelipia utafiti, yakifungiwa mno, faida haienei. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani hutaka hataza, yaani haki ya mgunduzi kuzuia wengine kutumia ugunduzi wake, ilindwe angalau miaka 20 tangu siku ya maombi, na huo ni mwafaka tu kati ya hasara mbili.

Ukitaka kupima mwenyewe kama kitu kimekuwa tele, usitazame bei ya dukani peke yake. Gawanya bei kwa ujira wa saa moja. Bidhaa ya 60, kwa anayelipwa 20 kwa saa, ni saa 3 za kazi. Baadaye ikiwa 90 na ujira 45, ni saa 2: bei imepanda kwa asilimia 50, lakini kazi uliyofanyia kitu 1 sasa inakupa 1.5. Makosa huja pale unapotumia ujira wa wastani ilhali wengi wanalipwa chini ya huo, au unapolinganisha vitu visivyo sawa. Nordhaus alipopima taa hakufuata bei ya taa, alifuata bei ya mwanga. Balbu ya kale ya wati 60 na ya LED ya wati 9 hutoa karibu lumeni (kipimo cha mwanga) 800 sawasawa, ambapo mshumaa hutoa kama 12. Anayelinganisha bei za balbu pekee hataona mabadiliko hayo.

Hoja ya Simon ina sharti ambalo mashabiki wake hulipita haraka: lazima bei iwepo, na imfikie anayetumia. Samaki wa bahari huria hana mwenyewe, kwa hiyo uhaba wake haumgharimu mvuvi mpaka amekwisha. Hapo teknolojia ileile inageuka kuwa upanga. Pwani ya Newfoundland, Kanada, sona, chombo kinachotafuta samaki kwa mawimbi ya sauti, na meli za kugandisha samaki ziliwezesha wavuvi kupata chewa hata kundi lilipokuwa likipungua, kwa hiyo kiasi cha samaki walioletwa bandarini kilificha hali halisi. Julai 1992 serikali ilipiga marufuku uvuvi wa kibiashara wa chewa huyo, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Marufuku iliyotangazwa kuwa ya miaka 2 ilidumu zaidi ya miaka 30.