Kibao kinasema 2:00 – 12:00. Saa za nani?

Alikuja ofisini dada mmoja anayeuza vitambaa Kariakoo, ana deni la maegesho asilotaka kulilipa. Deni lenyewe dogo, hata bodaboda ya kwenda na kurudi kulifuatilia ingelizidi. Lakini alikuwa na picha ya kibao kwenye simu, nami nilipoiona nikavuta kiti.

Kibao: MAEGESHO YA KULIPIA 2:00 – 12:00. Basi. Hakuna asubuhi, hakuna jioni. Yeye aliegesha saa moja usiku, akakisoma kama tunavyosoma saa siku zote: saa mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni, muda umekwisha. Kurudi, mtoza ushuru ameshaingiza namba ya gari kwenye mashine.

"Dada, hapa mpaka saa sita usiku," akamwambia, akimwonesha simu: 12:00 ya simu ni saa sita.

"Kwa hiyo kaka, asubuhi hamtozi?"

Kijana akacheka. Asubuhi wanatoza kama kawaida. Yaani kibao hichohicho asubuhi kinasomwa kwa saa za Kiswahili, giza likiingia kinageuka saa za simu. Sikuhitaji hoja nyingine.

Wengi huharibu wanapoanza na "sikujua". Kutojua sheria si utetezi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imelisema hilo kifungu cha 8. Kifungu cha 11 ndicho kinachomfikiria aliyekosea kuhusu hali ya mambo, kwa nia njema na kwa sababu za msingi. Ila hiyo ni jinai. Kifungu hicho kitunze kwa siku utakayopewa karatasi ya faini na trafiki, na kumbuka ukikubali kosa na kulipa zile shilingi 30,000 mjadala umefungwa. Ukikataa, unakwenda kujieleza mahakamani.

Ushuru wa maegesho ni deni, si jinai, kwa hiyo barua yangu ya kulipinga kwa ofisi inayotoza niliiegemeza kwenye Katiba ya 1977, ibara ya 13(6)(a): haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, mbele ya mahakama "au chombo kinginecho kinachohusika". Ofisi inayotoza imo humo.

Kilichonichukua muda ni picha. Ile ya kwanza aliipiga amesimama mita moja kutoka kwenye kibao, na mita moja kila kibao kinasomeka. Nikamrudisha kulekule saa moja usiku, akae kwenye usukani, apige kupitia kioo cha mbele. Ikaonekana nusu ya kibao imemezwa na mwamvuli wa wakala wa miamala. Picha hizo nakili kwa waya kutoka kwenye simu. Ukizituma kama picha za kawaida za WhatsApp, taarifa za saa zilizobebwa ndani yake zinapotea.

Barua ikawa ukurasa mmoja: kumbukumbu namba ya deni, saa aliyoegesha, picha tatu, na ombi moja tu, deni lifutwe. Peleka nakala mbili, moja urudi nayo ikiwa na muhuri wa "imepokelewa". Na kama tarehe ya kuongezewa adhabu inakaribia, lipa, ila andika kwenye barua kuwa umelipa bila kulikubali deni na unaomba urejeshewe. Deni hushika namba ya gari, halikushiki wewe. Ukiliuza gari kesho, mnunuzi ndiye atakayekupigia simu.

La dada yule lilifutwa baada ya barua ya pili. Kibao hakijaguswa.