Orodha ya bingwa haikupi ubingwa: dhana potofu kuhusu majeshi ya mashindano

Wiki hii wachezaji watatu wasiojuana wameniletea orodha moja ya jeshi la Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa vinyago na dadu. Sisemi zinafanana. Ni ileile, hadi silaha ya sajini wa kikosi cha mwisho. Wote wameinakili kwa mshindi wa mwezi uliopita, na wote wanauliza: "Kocha, mbona bado nafungwa?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Dhana: Orodha iliyoshinda ndiyo bora, iige nawe utashinda

Tuanze na hesabu. Mashindano yana wachezaji 64 na raundi 5, aliyeshinda anapangiwa aliyeshinda. Wasiofungwa wanabaki 32, kisha 16, 8, 4, 2. Kama hakuna sare, lazima wawili wamalize wakiwa safi, hata kama kila mechi ingeamuliwa kwa kurusha sarafu. Wewe umeona orodha za hao wawili tu. Waliokuja na jeshi hilohilo wakashinda mechi mbili wakaenda zao, nani aliwapiga picha?

Halafu orodha ni jibu, na swali hubadilika. Toleo la 10 la Warhammer 40,000 lilipotoka Juni 2023, Aeldari, moja ya majeshi ya mchezo huu, walitamba kweli. Ukipanga jeshi kipindi kama hicho, unajiuliza jambo moja: Wraithknight, lile jitu lao, akisimama mbele yangu, namwangusha na nini? Kwa hiyo unajaza silaha nzito. Baadaye Games Workshop, kampuni inayotengeneza mchezo, wakapandisha pointi, yaani bei ya kila kikosi unapopanga jeshi, wakarekebisha na kanuni, na swali lile likafa. Aliyenakili jibu bado analo mkononi.

Hata pointi zisipoguswa, gurudumu linazunguka lenyewe. Vifaru vikizidi, watu wanabeba silaha za kupasua vifaru. Silaha hizo zikienea, mjanja mmoja analeta umati wa askari wa miguu, maana risasi ya kumaliza jitu inaishia kuua mtu mmoja wa bei ya chee. Umati nao unaita bunduki za risasi nyingi, na bunduki hizo zikishatapakaa, vifaru vinarudi vikicheka. Orodha ya mshindi ni picha ya gurudumu hilo siku ile aliyocheza. Ukiipata, ukanunua, ukagundisha na kupaka rangi, limeshasogea.

Ila kinachoniudhi zaidi ni hiki. Mmoja wa wale watatu nilimwonyesha kikosi chake cha watu watano wa bei rahisi. "Hawa kazi yao nini?" Kimya. "Walikuwepo kwenye orodha." Kumbe raundi ya kwanza ya mechi aliwapeleka mbele wakafyatue, wakafa wote. Mwenye orodha aliwaweka nyuma ya ukuta, juu ya kituo cha nyumbani, alama ya kushikilia iliyo upande wako wa meza, wakae hapo raundi zote tano za mechi wakivuna pointi za ushindi, ili vikosi vya gharama viwe huru kwenda mbele. Huyu wangu, walipokufa, ikabidi arudishe kikosi cha pointi 200 kuja kulinda kituo. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Dawa yangu ni ileile, na hakuna anayeipenda: pembeni ya kila kikosi andika sentensi moja ya kazi yake. Ukikosa sentensi, kitoe. Kisha cheza mechi kumi bila kubadilisha chochote. Kumi, si mbili halafu unakuja kulia kwangu.

Dhana: Anayeua zaidi ndiye mshindi

Katika toleo hilo la 10, pointi 100 za ushindi katika mechi zinagawanyika hivi: 50 za misheni kuu, 40 za misheni ndogo, 10 za jeshi lililopakwa rangi. Kuua kunalipa pale tu misheni inaposema kunalipa. Na zile 10 ni za bure kabisa, lakini bado kuna mtu anakuja na plastiki ya kijivu, anafungwa kwa pointi 6, anailaumu dadu.

Dhana: Wastani haudanganyi

Risasi 12, kila moja dadu moja. Zinazogonga kwa 3 na kuendelea ni 8, zinazojeruhi kwa 4 na kuendelea ni 4, kinga ya 4 inazuia nusu, wanakufa 2. Sawa. Ila mara 38 hivi katika kila 100 utaua mmoja au usiue kabisa. Kama mpango wako wote unategemea wale wawili wafe, huna mpango. Tenga kikosi cha pili cha kumalizia.

Dhana: Jeshi la pointi 2,000 kwa jeshi la pointi 2,000, tuko sawa

Silaha ya kupasua vifaru ina bei ileile mpinzani awe na vifaru sita au asiwe na hata kimoja. Pointi ni makadirio. Games Workshop wenyewe wanalenga kila jeshi lishinde kati ya asilimia 45 na 55 ya mechi zake, na ndiyo maana bei hazikai mahali pamoja.

Dhana: Kikosi kipya lazima kiwe na nguvu ili kiuzwe

Vingine ndiyo, vingine hutoka dhaifu hadi huruma. Ukikimbilia kununua vitatu wiki ya kwanza, huenda pointi zikapanda ukiwa bado unapaka rangi cha pili.