Programu ya rekodi za afya: nani ataitumia, na nani atailipia?

Mipango mingi ya biashara ya programu za kutunza rekodi binafsi za afya huanza na hesabu ileile. Idadi ya watu wazima wenye simu janja inazidishwa kwa ada ndogo ya mwezi, inachukuliwa asilimia moja tu "kwa tahadhari", na jibu linatoka mamilioni. Sisi tunaoshauri kampuni changa za teknolojia ya afya tunaletewa hesabu hiyo mara kwa mara, na ushauri wetu wa kwanza ni kuiweka kando. Kila mtu hupatwa na maradhi siku moja, na wengi wana simu, lakini hilo halitoshi kumfanya mtu awe mteja.

Historia inatuunga mkono. Microsoft ilizindua HealthVault, huduma ya mtandaoni ya kutunza rekodi binafsi za afya, Oktoba 2007, na Google ikafuata na Google Health mwaka 2008. Hawakupungukiwa fedha, wahandisi wala jina. Hata hivyo, Google ilitangaza mwaka 2011 kwamba inaifunga huduma yake, na ikaifunga tarehe 1 Januari 2012. HealthVault ilijikongoja hadi Novemba 2019. Maelezo ya Google yenyewe yalikuwa kwamba huduma ilipendwa na wagonjwa na wauguzaji waliozoea teknolojia, pamoja na wapenda mazoezi, ila haikuingia katika maisha ya kila siku ya watu wengi. Anayepima soko leo ayasome maelezo hayo mara mbili, hasa pale yanapowataja wauguzaji.

Tafuta tukio kabla ya kuhesabu watu

Swali la kujiuliza mwanzoni ni hili: ni wakati gani mtu anazihitaji rekodi zake na kuzikosa kunamuumiza? Mtu mzima mwenye afya njema huzihitaji kwa nadra: anapohamia hospitali mpya, anapodai bima, anapoombwa cheti cha chanjo. Akishamaliza shida yake anasahau. Mtu huyo atasema programu ni nzuri, ataipakua, na baada ya wiki mbili hataikumbuka hata nywila yake.

Sasa mtazame binti anayemuuguza baba mwenye kisukari, shinikizo la damu na figo zilizoanza kulegea. Kliniki ni tatu, na kila moja ina faili lake. Nyumbani kuna bahasha iliyojaa: kadi za miadi, majibu ya maabara, cheti cha dawa chenye mwandiko usiosomeka. Baadhi ya majibu yamechapishwa kwenye karatasi ya joto, ile ya risiti, na wino wake umekwisha kufifia. Kliniki moja imeandika dawa kwa jina la kibiashara, nyingine imeandika dawa hiyohiyo kwa jina lake halisi, na hakuna aliyegundua kwamba mzee anakaribia kumeza dozi mara mbili. Daktari wa figo anauliza kiwango cha kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, cha miezi sita iliyopita. Binti anapekua bahasha huku foleni nyuma yake ikinung'unika.

Hapo ndipo penye soko. Kwa maoni yetu mteja wa kweli wa programu hizi, mara nyingi, ni ndugu anayebeba bahasha, si mgonjwa mwenyewe. Hata hivyo, wabunifu wengi hutengeneza akaunti ya mtu mmoja na simu moja, bila njia ya mlezi kuingia kwa ridhaa ya mgonjwa, na kwa kufanya hivyo wanamfungia mlango yule aliye na hamu zaidi ya kuingia.

Mshindani wa programu hiyo, mara nyingi, ni bahasha yenyewe, ni picha za majibu zilizorundikana kwenye WhatsApp ya familia, ni kumbukumbu ya mama. Njia hizo hazina gharama, hazihitaji kujifunza, na hazizimiki mtandao ukikatika. Ukizipuuza katika tathmini yako, utashangaa kwa nini watu hawaji.

Hesabu kutoka chini

Tuchukue mfano wa zoezi, namba zake zikiwa za kufundishia tu. Eneo lina watu wazima 1,000,000. Utafiti wako unakuonyesha kwamba 120,000 wana ugonjwa sugu unaowapeleka kliniki mara kwa mara. Kati yao, 40,000 wanatibiwa katika vituo viwili au zaidi, na hao ndio wenye tatizo la rekodi kutawanyika. Wenye simu janja, wao au wanaowauguza, ni 24,000. Wanaotibiwa katika vituo vyenye mfumo wa kompyuta unaoweza kutoa taarifa nje ni 9,000. Ikiwa mmoja kati ya kumi yuko tayari kulipa, umebakiwa na wateja 900.

Tofauti kati ya milioni moja na mia tisa inavunja moyo, lakini ina mafunzo. Tazama ngazi kutoka 24,000 hadi 9,000. Watu 15,000 wamepotea bila kukataa chochote. Tatizo, shauku na simu wanavyo, ila taarifa zao zimefungiwa hospitalini. Tangazo la redio wala punguzo la bei haliwezi kuwaleta. Kinachoweza kuwaleta ni makubaliano na hospitali, na kazi hiyo inadai bajeti ya aina nyingine na watu wa aina nyingine. Hesabu ya juujuu ya asilimia moja haiwezi kukuonyesha jambo hilo.

Taarifa zitatoka wapi?

Sehemu hii ndiyo tunayoikuta imeandikwa kwa mistari miwili, ilhali ndiyo inayoamua mengi. Huduma za kizazi cha kwanza zilimtegemea mno mtumiaji aingize taarifa mwenyewe. Mgonjwa aliyechoka hawezi kuwa karani wa faili lake. Ataandika majibu ya mwezi wa kwanza, labda ya mwezi wa pili, kisha ataacha, na rekodi yenye mapengo haimsaidii daktari.

Taarifa kufika zenyewe nako hakutoshi kama hazina ubora. Mwaka 2009 Dave deBronkart, Mmarekani aliyenusurika saratani ya figo, alihamishia rekodi zake za hospitali kwenye Google Health na akaonyeshwa kwamba saratani imesambaa hadi kwenye ubongo au uti wa mgongo. Haikuwa kweli. Sehemu kubwa ya kilichohamishwa ilitokana na misimbo ya madai ya bima, yaani alama fupi ambazo hospitali huandika ili ilipwe, badala ya maelezo ya daktari, na mambo mengi yalikosa tarehe. Alilieleza hadharani na likaandikwa magazetini. Kosa moja la namna hiyo humfanya mgonjwa akimbie na daktari asiiangalie tena programu.

Kilichobadilika tangu wakati huo ni mabomba ya kupitishia taarifa. Shirika la viwango la HL7 lilitengeneza FHIR, utaratibu wa pamoja unaoziwezesha programu tofauti kuulizana na kujibiana kuhusu dawa, vipimo na mzio wa mgonjwa. Apple ilipoanzisha huduma yake ya rekodi za afya kwenye iPhone mwaka 2018, ilizivuta moja kwa moja kutoka kwenye mifumo ya hospitali kwa utaratibu huo. Nchini Marekani sheria ya mwaka 2016 inayoitwa 21st Century Cures Act ndiyo iliyoweka msingi wa kuwazuia watoa huduma na wauzaji wa mifumo kuzikalia taarifa za mgonjwa bila sababu.

Kwa hiyo, mahali popote unapotaka kufanyia kazi, fuatilia mambo haya kabla ya kuajiri mchoraji wa nembo. Je, sheria inampa mgonjwa haki ya kupata nakala ya rekodi zake, na kwa njia ya kidijitali? Hospitali zinatumia mifumo mingapi tofauti, na ipi inaweza kuzungumza FHIR? Na je, serikali tayari ina lango lake, yaani tovuti ambako mwananchi huona rekodi zake za afya? Denmark ina sundhed.dk tangu 2003, na Estonia ilianza mfumo wa taifa wa taarifa za afya mwaka 2008. Palipo na lango kama hilo, kumuuzia mwananchi kitu anachokipata bure ni kazi ya bure. Utahitaji kumwongezea kitu, kwa mfano kupanga dawa za mzee au kuunganisha ratiba za kliniki za familia nzima.

Kuuliza watu

Ukimuuliza mtu, "Ungependa kuwa na programu inayohifadhi rekodi zako zote za afya?" atajibu ndiyo. Nani atakataa? Jibu hilo halina thamani sokoni. Muulize kilichokwisha kutokea: mara ya mwisho daktari alipokuuliza dawa unazotumia, ulimjibuje? Karatasi za majibu ziko wapi sasa hivi, naomba unionyeshe. Umewahi kurudia kipimo kwa sababu majibu ya awali yalipotea, na nani alilipia? Mtu aliyelipia kipimo kilekile mara mbili anajua thamani ya rekodi kuliko takwimu yoyote.

Kisha ifanye huduma kwa mkono kabla ya kuandika programu. Chukua familia chache, pokea picha za karatasi zao, zipange, na kabla ya kila kliniki waandalie ukurasa mmoja: magonjwa, dawa na dozi, mzio, vipimo vya karibuni vikiwa na tarehe. Nenda nao, kwa ruhusa, ukaone kinachotokea. Utagundua haraka kwamba una mtumiaji wa pili, daktari. Ana dakika chache, hatashika simu ya mgonjwa akaanza kuiperuzi, lakini ukurasa mmoja uliopangwa vizuri ataupokea. Na kama familia inakupigia yenyewe kabla ya kliniki inayofuata, bila kukumbushwa, una ushahidi wa kuanzia.

Nani analipa

Mgonjwa anaweza kulipa kidogo. Bima hulipa ikiwa utamwonyesha kwamba vipimo vya kurudiarudia vimepungua. Hospitali hulipa ikiwa foleni ya dirisha la mafaili imepungua. Mwajiri naye anaweza kulipa, ila mfanyakazi atajiuliza kama bosi anasoma habari za ujauzito wake au dawa zake za msongo wa mawazo, na hofu hiyo hupunguza watumiaji hata pale ambapo haina msingi.

Njia ya tano, ya kuishi kwa matangazo au kwa kupitisha taarifa kwa wengine, hatuipendekezi. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na Flo, programu ya kufuatilia hedhi, baada ya kuituhumu kwamba iliwapa makampuni mengine taarifa za afya za watumiaji ilioahidi kuwatunzia siri. Na anayedhani ulinzi ni gharama ya baadaye ajikumbushe Vastaamo, kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Finland: mwaka 2020 mdukuzi aliyekuwa na rekodi za wagonjwa alianza kuwatoza mmoja mmoja kwa vitisho, na mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Hawa ni watu waliosimulia maumivu yao ya ndani kabisa kwa kuamini hayatatoka nje ya chumba. Gharama ya kulinda taarifa iwekwe kwenye hesabu ya siku ya kwanza; kama biashara haiwezi kuibeba, soko hilo haliwezekani kwa bei hiyo.

Vipimo vya mafanikio

Usikope vipimo vya mitandao ya kijamii. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayekwenda kliniki kila baada ya miezi mitatu akiifungua programu mara nne kwa mwaka, huenda ni mteja mwaminifu kabisa. Kinachopimwa ni kama rekodi ilikuwepo na ikatumika siku ya kliniki.

Idadi ya akaunti pia inadanganya. Australia ilianza rekodi yake ya taifa mwaka 2012 kwa watu kujiandikisha kwa hiari, na mwitikio ukawa mdogo. Ilipobadilisha utaratibu ili kila mtu awe na rekodi isipokuwa aliyeikataa kabla ya tarehe 31 Januari 2019, takriban asilimia 90 ya watu wakawa nayo. Hatua hiyo ina faida zake, lakini kuwa na akaunti si sawa na kuitumia, na mwekezaji anayeletewa grafu ya usajili aombe papo hapo grafu ya matumizi kliniki.

Mwisho, andikeni viwango vya uamuzi kabla ya jaribio kuanza, na mviweke saini: familia ngapi lazima zirudi zenyewe kabla ya kliniki ya pili, hospitali ngapi lazima zikubali kwa maandishi kutoa taarifa, na mlipaji yupi lazima awe ametoa fedha, siyo barua ya kupendezwa. Jaribio lifuate angalau mizunguko miwili ya kliniki, yaani miezi sita kwa wagonjwa wa kila miezi mitatu. Namba zisipofika, timu inabadilisha kundi la wateja au inasitisha, na inazirudishia familia zilizoshiriki nakala kamili za rekodi zao kabla ya kuzifuta kwenye seva.