Magoti, mgongo na ushauri wa mtaani

"Ute wa magoti umekauka, kula bamia." Ushauri huu ndio unaoongoza, ukifuatiwa na supu ya makongoro. Bamia ni mboga nzuri, lakini ule utelezi unaishia tumboni, hauna njia ya kufika gotini. Ute wa kiungo hutengenezwa na utando ulio ndani ya kiungo chenyewe, na goti lililosagika mara nyingi huwa na majimaji kupita kiasi, ndiyo maana linavimba. Kinachopungua ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa.

"Limesagika, basi lipumzishe." Hapa ndipo watu wengi wanapojimaliza. Misuli ya paja ikilegea, mzigo wote unabaki kwa goti. Anza hivi: kaa kwenye kiti kigumu, mikono kifuani, simama, kisha kaa polepole, mara kumi. Maumivu kidogo yasikutishe, mradi yawe yametulia kufikia kesho yake. Halafu kuna uzito: ukipungua kilo 1, goti linatuliwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Vidonge vya maumivu vya diklofenaki unavyomeza miezi mfululizo havikupi hilo. Vinaweza kukupa vidonda vya tumbo na kukuharibia figo.

"Picha ya mgongo imeonyesha diski imetokeza, kilichobaki ni kisu." Diski ni vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za mgongo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia picha za migongo ya watu wasioumwa chochote: wenye miaka 20, takriban asilimia 30 walikuwa na diski zilizotokeza, wenye miaka 80, asilimia 84. Na hata diski inayobana mshipa wa fahamu mara nyingi husinyaa yenyewe, wengi wakipata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12. Kulala kitandani siku nyingi kunachelewesha tu.

Tukirudi gotini, sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, nayo hutuliza kwa wiki kadhaa, haioteshi gegedu. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2017, waliochomwa kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2 walipoteza gegedu zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupishana.

Ila usifanye mazoezi ya nyumbani ukiwa na ganzi sehemu za siri, mkojo uliogoma au unaotoka wenyewe, au mguu unaolegea: hospitali, leo hii. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni na kukonda nao upimwe kifua kikuu, maana hushambulia hata pingili za mgongo.