Aprili katika historia yetu: tarehe zake na namna ya kuzihakiki

Walimu wengi huanza siku kwa kuwatajia wanafunzi jambo lililotokea tarehe kama ya leo, na redio nazo zina vipindi vya namna hiyo. Ni desturi nzuri na natamani iendelee. Shida ni kwamba orodha nyingi zinazosomwa zimenakiliwa kutoka mbali: zimejaa wafalme wa Ulaya na waigizaji wa Marekani, na zinapogusa kwetu, tarehe huteleza kwa siku moja au mbili. Sisi tunaotunza kumbukumbu na nyaraka tunaulizwa kila mara ipi ndiyo sahihi. Nimechagua Aprili kwa sababu ni mwezi mzito Afrika Mashariki, na kwa sababu karibu kila kosa la tarehe lina mfano wake humo.

Tarehe 7 imebeba mengi kuliko zote. Jioni ya Ijumaa, 7 Aprili 1972, Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, alipigwa risasi akafa katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi (ASP), Kisiwandui. Ndiyo Siku ya Karume, na hitma husomwa hapo hapo Kisiwandui, alikozikwa. Tarehe hiyo hiyo Rwanda huanza maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hapa ndipo watu wengi huchanganya. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, aliyekuwa pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilidunguliwa karibu na Kigali usiku wa tarehe 6, wakitoka kwenye mkutano Dar es Salaam. Magazeti yetu huandika "usiku wa kuamkia tarehe 7", na ni sahihi kabisa, lakini anayenakili kwa haraka huruka neno "kuamkia" na ndege inakuwa imeanguka siku ya pili yake. Ukikuta maneno hayo katika chanzo chochote, rudi nyuma siku moja kabla ya kuandika.

Siku ya Afya Duniani nayo ni tarehe 7, kwa kuwa katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika 7 Aprili 1948.

Bado kuna Mombasa. Vasco da Gama alitia nanga nje ya mji huo 7 Aprili 1498, akakaa siku chache katika hali ya kutoaminiana na wenyeji, kisha akaelekea Malindi. Alifika huko usiku wa kuamkia Pasaka, akapokewa vizuri na mfalme wa Malindi, na tarehe 24 akatweka tanga kuelekea Calicut, India, akiwa na rubani aliyempata hapo Malindi. Vitabu vingi vya zamani vinasema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Uarabuni. Watafiti wengi wa leo hawakubaliani nalo, kwa hiyo ningeshauri jina hilo lisitajwe kama jambo lililothibitishwa. Tarehe zenyewe pia zinahitaji tahadhari. Wareno wa wakati ule walitumia kalenda ya Julian. Kalenda tunayotumia sasa ililetwa na Papa Gregori XIII mwaka 1582, na kwa mwaka 1498 tofauti ya kalenda hizo mbili ni siku 9. Kwa hesabu yetu ya leo, basi, merikebu zile zilifika Mombasa tarehe 16. Wanahistoria wameacha 7 kama ilivyoandikwa na mabaharia wenyewe, na mwalimu naye aiache hivyo hivyo, ila awaeleze wanafunzi kuwa ni kalenda ya zamani.

Kosa la aina nyingine linaonekana katika Muungano. Mwanafunzi akiulizwa Tanganyika na Zanzibar ziliungana lini, anajibu 26 Aprili 1964, na jibu ni sahihi. Hata hivyo Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini Hati za Muungano Zanzibar siku ya Jumatano, tarehe 22. Zikafuata hatua za kuziridhia kisheria, Muungano ukaanza Jumapili tarehe 26, na tarehe 27 viongozi wakabadilishana hati katika ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Anayeandika kuwa hati zilitiwa saini tarehe 26 amekosea, na kosa hilo limeingia hata katika maandishi ya watu makini. Jina la Tanzania nalo halikuwapo siku hiyo. Nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar hadi jina jipya lilipotangazwa Oktoba mwaka ule ule.

Mataifa hayachagui siku ya kuadhimisha kwa kanuni moja. Senegal husherehekea uhuru tarehe 4 Aprili, siku ambayo makubaliano ya kukabidhiwa madaraka yalitiwa saini na Ufaransa mwaka 1960, ingawa uhuru wenyewe, ndani ya Shirikisho la Mali, ulianza 20 Juni. Wao wamechagua siku ya saini, sisi tumechagua siku ya kuanza. Kwa hiyo kila tarehe unayotaka kuitaja iulize: ni siku ya tukio, ya saini, ya kuanza kutumika, au ya tangazo?

Tangazo ndilo linalopoteza wengi, hasa kwa vifo. Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu, alifariki kwa ajali ya gari Alhamisi, 12 Aprili 1984, eneo la Dakawa, Morogoro, akirudi Dar es Salaam kutoka bungeni Dodoma. Alikuwa na umri wa miaka 45. Taifa lilisikia habari hiyo kwa redio siku ile ile, lakini magazeti yaliyoibeba ni ya tarehe 13. Mtu anayepekua gazeti lililofungwa jalada maktabani anaona tarehe ya juu ya ukurasa, anainakili, na Sokoine anaongezewa siku moja ya uhai. Soma habari yenyewe mpaka ukute neno "jana". Mwai Kibaki naye alifariki 21 Aprili 2022, Wakenya wakatangaziwa tarehe 22, na hadi leo zipo orodha zinazoweka 22.

Kipimo rahisi ambacho kila mtu anaweza kukitumia ni siku ya juma. Wazee wetu husahau tarehe lakini ni nadra kusahau kwamba ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, au Jumapili baada ya misa. Tafuta kalenda ya mwaka husika, linganisha. Mzee akikuambia kwamba Sheikh Karume aliuawa Ijumaa, kalenda ya 1972 inamuunga mkono. Siku isipolingana, kuna mmoja anayepaswa kuulizwa tena, mzee au karatasi, na mara nyingi ni karatasi.

Siku za kuzaliwa ni ngumu zaidi. Aprili inazo chache zinazojulikana vizuri: Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, alizaliwa 1 Aprili 1940 huko Nyeri. Mpiga tarumbeta Hugh Masekela wa Afrika Kusini alizaliwa 4 Aprili 1939. Kofi Annan wa Ghana, 8 Aprili 1938. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama 13 Aprili 1922. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki; Julius alilipata kwa ubatizo mwaka 1943. Mwaka 1984 siku yake ya kutimiza miaka 62 ilimkuta katika msiba, maana Sokoine alikuwa amefariki jana yake.

Kwa wengine wengi wa kizazi kile hakuna tarehe. Jomo Kenyatta, ambaye 8 Aprili 1953 alihukumiwa Kapenguria pamoja na wenzake watano kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, hakuwa na tarehe ya kuzaliwa inayojulikana, na hata mwaka wenyewe hukadiriwa tu. Watu walizaliwa mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, wakati wa vita vya Mjerumani. Ukiona katika hati ya mzee wa enzi hizo kwamba alizaliwa Januari 1, jiulize kama karani hakuhitaji tu kujaza nafasi. Pwani na visiwani kuna jambo jingine: tarehe nyingi za familia ziliandikwa kwa mwaka wa Kiislamu, ambao ni mfupi kwa takriban siku 11, na siku yake huanza magharibi. Mtoto aliyezaliwa saa mbili usiku wa Ijumaa, kwa hesabu hiyo, amezaliwa Alhamisi usiku kwa kalenda ya ofisini. Ukibadilisha kalenda, andika zote mbili, na ile ya asili itangulie.

Yapo mengine ya mwezi huu ambayo hayana utata: Kampala ilipoangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, 11 Aprili 1979, na Yusuf Lule akaapishwa kuwa Rais wa Uganda siku mbili baadaye, uhuru wa Zimbabwe, 18 Aprili 1980, na tarehe 27 Aprili 1994, siku ambayo Afrika Kusini inaikumbuka kwa uchaguzi wake wa kwanza wa watu wote. Kuhusu 2 Aprili 2015 nina ombi kwa watangazaji. Siku hiyo watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wazazi wao wangali hai na wanasikiliza redio. Msiisome katikati ya siku za kuzaliwa za wanamuziki, na muziki wa kipindi ukipiga chini yake. Ipeni nafasi yake peke yake.

Zimebaki siku ambazo hazina jambo kubwa la kwetu. Ziacheni wazi, au zijazeni kwa mambo ya hapo mlipo: siku shule ilipofunguliwa, siku daraja lilipochukuliwa na mafuriko ya masika, siku zahanati ilipopokea mgonjwa wa kwanza. Daftari la shule, kitabu cha wageni na rejista ya ubatizo au ya ndoa vinazo tarehe hizo. Kwa kila moja andikeni tukio, siku ya juma, mahali, na mlikoipata habari hiyo: jina la daftari na ukurasa, au mzee aliyesimulia, kwa ridhaa yake, pamoja na tarehe mliyoongea naye.